Mnene wa kwenye filamu na mnene wa mtaani: dhana potofu na ukweli

Katika vibanda umiza vya Tabora, yaani vibanda vya kuonyeshea video, kicheko huanza kabla mwigizaji mnene hajafungua kinywa. Akitokea tu mlangoni, watu wameshashika mbavu. Kicheko hicho kimejengwa juu ya dhana nilizozisikia tangu utotoni, nazo zinawaumiza watu tunaoishi nao nyumba moja.

Dhana: Kwetu unene ni heshima, kwa hiyo hakuna mnene anayedharauliwa.

Ukweli: Heshima hiyo ipo, lakini haigawanywi sawa. Mwanamume mwenye kitambi katika filamu zetu huwa bosi, mwenye nyumba au mkwe mwenye fedha, na Jacob Stephen, maarufu kama JB, amekuwa mhusika mkuu kwa miaka mingi bila mwili wake mkubwa kumpunguzia hadhi. Mwanamke mwenye mwili kama huo mara nyingi huandikiwa ugomvi wa sokoni, ulafi au mapenzi ya kuchekwa, na ni nadra kumwona akipendwa kwa dhati hadi mwisho wa hadithi. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni mwembamba, ambaye huandikwa kuwa maskini, mgonjwa au aliyerogwa. Jambo hilo lina historia nzito: wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata kukonda kukawa alama ya kunong'onezwa. Leo dawa za ARV humwezesha mtu kuishi na mwili wake wa kawaida, ilhali tamthilia bado zinatumia mashavu yaliyobonyea kama cheti cha daktari.

Dhana: Mnene amejitakia, kwa sababu ni mvivu na mlafi.

Ukweli: Filamu humfundisha mtazamaji hivyo kwa kumweka mnene mbele ya sahani karibu kila anapotokea. Mwili hauendi kwa amri ya nia peke yake. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waligundua leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kuhusu akiba iliyopo, na tangu hapo imezidi kufahamika kwamba urithi, usingizi na hata baadhi ya dawa za hospitali huchangia uzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya wanane duniani alikuwa na unene wa kupindukia. Ni kweli kwamba unene huo huongeza hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo, nami sitaki kulificha hilo, ila sijawahi kuona kebehi ikimtibu mtu.

Dhana: Fasihi imemcheka mnene tangu zamani.

Ukweli: Si yote. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kurudi kufundisha hapa baada ya Makerere, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare tunayoijua kama Juliasi Kaizari. Humo Kaizari mwenyewe (Caesar), mtawala wa Roma, anataka kuzungukwa na watu wanene, na anayemtia hofu ni Cassius, mwembamba mwenye sura ya njaa.

Dhana: Ni utani tu, na televisheni haimbadilishi mtu.

Ukweli: Katika eneo la Nadroga, nchini Fiji, ambako mwili mkubwa ulithaminiwa kama unavyothaminiwa kwetu, televisheni ilifika mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, akahoji tena wengine wa rika hilo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye waliosema hivyo walikuwa zaidi ya asilimia 11.

Kwetu kuna jambo jingine la kuongeza, nalo ni sauti ya DJ anayetafsiri filamu za nje. Nimeshuhudia mwigizaji akitoa salamu tu kwa Kiingereza, na tafsiri ikaja na "tipwatipwa" na "bonge" ambayo mwandishi wa filamu hakuyaandika popote. Watoto walitoka kibandani wakiwa wamesahau jina la filamu. Neno walilikumbuka, na kabla ya magharibi lilikuwa limeshapata mtu wa kuitwa nalo pale kisimani.