Sembe, dona na usingizi wa saa tisa

Wengi tumekua tukiambiwa kwamba sembe ndiyo ugali wa mtu wa kazi, dona ni chakula cha jela na bweni. Si kweli.

Gramu 1 ya wanga hutoa kilokalori 4 hivi, unga uwe mweupe au wa kijivujivu. Tofauti huanzia mashineni. Dona husagwa nzima; mahindi yakikobolewa kupata sembe, ganda na kiini huondoka na nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, zilezile ambazo mwili huzitumia kugeuza wanga kuwa nguvu. Wanaofaidi ni kuku, wanaolishwa pumba hizo.

Bonge kubwa nalo si nguvu zaidi. Wanga huvunjwa kuwa glukosi. Akiba kiasi hukaa kwenye ini na misuli, ziada huwa mafuta. Mlima wa sembe kwa mchuzi mtupu saa saba mara nyingi huishia kusinzia saa tisa. Punguza bonge, ongeza maharage na mchicha, glukosi iingie kwenye damu polepole.

Ila dona usinunue la kukutosha miezi mitatu: mafuta ya kile kiini huufanya unga uwe mchungu upesi.