Upatikanaji wa juu wa hifadhidata: replika peke yake haitoshi

Maneno "upatikanaji wa juu" yanatumika ovyo siku hizi. Mwenye duka la mtandaoni anaweka seva ya pili ya hifadhidata, anaifanya replika ya ile ya kwanza, yaani nakala inayofuata mabadiliko yake, na kesho yake tangazo linasema duka limehamia kwenye hifadhidata ya upatikanaji wa juu. Mwingine anachukua bekapu kila usiku saa nane naye anasema hivyo hivyo. Wote wamefanya jambo jema. Lakini walichonacho kina jina lake, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama oda zitakuwepo seva ikizimika mwisho wa mwezi watu wakiwa wananunua.

Maana yenyewe ni fupi. Hifadhidata ina upatikanaji wa juu pale ambapo sehemu yake yoyote moja inaweza kufa ghafla, na duka likaendelea kupokea oda bila mtu kuamshwa usingizini, na bila kupotea oda ambayo mteja alishajibiwa kwamba imepokelewa. Hapo kuna masharti matatu: data iwe imeshafika kwingine kabla mteja hajajibiwa, kuwe na utaratibu wa kuamua nani anashika kazi, na tovuti ijue pa kuelekea. Likikosekana moja, hakuna upatikanaji wa juu.

Tuanze na replika, maana ndiyo inayochanganya wengi. Katika MySQL na MariaDB, ambazo ni programu za hifadhidata, replika ya kawaida hufuata seva kuu kwa nyuma. Seva kuu inaandika muamala, inajibu "tayari", kisha replika inasoma binlog, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya seva kuu, na kurudia mabadiliko kwa muda wake. Siku ya kawaida inachelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Siku ya ofa, au mtu akiendesha ripoti nzito kwenye replika hiyo hiyo, inaweza kuchelewa dakika nzima. Sasa chukua duka linalopokea malipo kwa M-Pesa. Mteja ameingiza namba ya siri, simu imeleta ujumbe wa malipo, seva kuu imeandika oda, na papo hapo diski yake inakufa. Replika inapandishwa cheo kuwa kuu. Pesa imekatwa, oda haipo, na uthibitisho wa malipo ukija unatafuta namba ya oda isiyojulikana popote. Hakuna kilichoharibika kwenye replika. Imefanya kazi yake kama ilivyoundwa. Kosa ni kuiita jina lisilo lake.

Ipo njia ya kati, ambapo seva kuu inasubiri angalau replika moja ikiri kupokea muamala kabla ya kujibu. Inasaidia sana, ila muda wake wa kusubiri usipobadilishwa ni sekunde 10. Zikipita, seva kuu inarudi kimyakimya kwenye utaratibu wa zamani wa kutosubiri. Anayeitegemea lazima aifuatilie hali hiyo kila wakati.

Sharti la pili, la kuamua, ndilo linalosahauliwa zaidi, na kwangu ndilo kiini cha dhana nzima. Replika isipoisikia seva kuu haina namna ya kujua kama mwenzake amekufa au ni kebo tu imechomoka. Ikijipandisha cheo wakati seva kuu bado iko hai na inaendelea kupokea oda kutoka upande mwingine wa mtandao, duka litakuwa na hifadhidata mbili zinazoandika kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na oda namba 5012 ya mteja tofauti. Kuziunganisha tena ni kazi ya mkono, mstari kwa mstari, na mara nyingi haikamiliki.

Ndiyo maana mifumo inayostahili jina hili inatumia akidi, kwa maana ile ile ya akidi ya mkutano mkuu wa chama cha ushirika: wasipotimia, hakuna uamuzi halali. Mfano mzuri wa programu huria ni MariaDB, iliyochipuka kutoka MySQL mwaka 2009, pamoja na Galera, programu inayounganisha seva kadhaa (nodi) kuwa kundi moja (klasta), iliyotengenezwa na kampuni ya Codership ya Finland na kuunganishwa ndani ya MariaDB kuanzia toleo la 10.1. Katika Galera, nodi inayopokea muamala inautuma kwa wenzake wote wakati wa kukamilisha, kila nodi inaukagua kwa mpangilio ule ule kama unagongana na mwingine, na nodi iliyoupokea ikimaliza ukaguzi wake ndipo mteja anajibiwa. Nodi zikitengana, kundi lenye zaidi ya nusu ya kura linaendelea na kazi. Kundi dogo linakataa maswali na kurudisha kosa namba 1047.

Angalia maneno "zaidi ya nusu". Klasta ya nodi mbili, moja ikifa ghafla, inabaki na kura moja kati ya mbili. Hiyo ni nusu kamili, haijazidi. Nodi iliyobaki inafunga milango ingawa ni nzima kabisa. Kwa hiyo nodi mbili zinaongeza uwezekano wa duka kusimama, kwa sababu sasa kuna mashine mbili ambazo yoyote ikianguka duka linaanguka nayo. Idadi ya chini ni tatu. Bajeti ikibana, ya tatu inaweza kuwa garbd, programu ndogo inayopiga kura bila kuhifadhi data, lakini ikae kwenye mashine nyingine kabisa. Nodi tatu za mashine pepe zilizorundikwa kwenye mashine moja halisi ni seva moja.

Wengi hudanganywa na jaribio lao wenyewe. Wanaizima nodi moja ya klasta ya nodi mbili kwa systemctl stop mariadb, duka linaendelea, wanaridhika. Nodi inayozimwa kwa utaratibu huaga kwanza, na klasta inahesabu upya kura bila yeye: moja kati ya moja, akidi imetimia. Umeme ukikatika hakuna anayeaga. Jaribio la haki ni kuchomoa kebo au kuua mchakato kwa kill -9 huku oda za majaribio zikiingia. Hata klasta nzuri ya nodi tatu itasita hapo: kwa mipangilio ya awali, nodi isiyosikika hutiliwa shaka baada ya sekunde 5, na uandishi husimama mpaka wenzake wakubaliane kumtoa. Upatikanaji wa juu haumaanishi kutosimama hata sekunde moja. Anayeahidi asilimia 99.9 anajiruhusu karibu saa 8 na dakika 46 kwa mwaka, asilimia 99.99 ni kama dakika 53.

Duka la WooCommerce (programu jalizi, yaani nyongeza, ya kuendeshea duka ndani ya WordPress) linalotoka kwenye seva moja ya MariaDB kwenda Galera linahitaji maandalizi kabla nodi hazijaguswa. Galera inanakili majedwali ya InnoDB (mojawapo ya aina za uhifadhi wa majedwali), na kila jedwali liwe na ufunguo wa msingi, yaani safu inayotambulisha kila mstari. WordPress yenyewe haina shida hapo, ila programu jalizi za zamani huacha majedwali ya MyISAM, aina ya zamani ya uhifadhi, au yasiyo na ufunguo. Yatafute kwenye information_schema, orodha ya ndani ya majedwali yote ya hifadhidata, na uyarekebishe kwenye seva ya zamani, mapema. Programu jalizi inayotegemea LOCK TABLES au GET_LOCK itafutiwe mbadala, kwani kufuli hizo hazivuki kwenda nodi nyingine.

Kila nodi inataka binlog_format=ROW na innodb_autoinc_lock_mode=2, na poti nne zipitike kati yao: 3306, 4567, 4568 na 4444. Nodi ya kwanza inaanzishwa kwa galera_new_cluster, mara moja tu. Ingiza data ikiwa bado peke yake, kutoka kwa mariadb-dump yenye --single-transaction na --master-data=2, kisha ziongeze nyingine mbili, zitajaziwa nakala kamili. Nodi ya kwanza ifanywe replika ya seva ya zamani mpaka ifikie oda za sasa. Hapa replika iko mahali pake: ni daraja la kuhamia. Saa ya kuhama, funga duka, weka read_only=1 kwenye seva ya zamani, subiri Seconds_Behind_Master iwe 0 na namba za GTID (vitambulisho vya miamala) zilingane, simamisha urudufishaji, kisha badilisha DB_HOST kwenye wp-config.php ielekee HAProxy, programu inayopokea maombi ya tovuti na kuyapeleka kwenye nodi iliyo hai. Isielekezwe kwenye nodi yoyote moja kwa moja, kwa sababu hilo ndilo sharti la tatu. HAProxy nazo ziwe mbili, zikigawana anwani moja kwa Keepalived, programu inayoihamisha anwani hiyo kwa nyingine moja ikifa. Ikiwa moja, udhaifu umehamishwa tu.

Elekeza uandishi wote kwenye nodi moja, nyingine zikiwa akiba. Galera inaruhusu kuandika popote, lakini wateja wawili wakigombea bidhaa ya mwisho kupitia nodi mbili, mmoja atapata kosa 1213, la miamala kugongana, wakati wa kukamilisha, na programu jalizi nyingi hazijaandikwa kujaribu tena. Usomaji ukigawanywa kwenye nodi zote, ukurasa wa kuthibitisha oda unaweza kuikosa oda iliyoandikwa muda mfupi uliopita, maana nodi nyingine imeupokea muamala lakini haijamaliza kuuandika. Mpangilio wa wsrep_sync_wait=1 unaiambia nodi hiyo isubiri kwanza. Pia mjulishe mhasibu kwamba kwa nodi tatu namba za oda zitaruka, 1, 4, 7, na hakuna oda iliyofutwa.

Usiweke nodi moja Dar es Salaam na nyingine Frankfurt kwa klasta ya namna hii bila kupima. Kila oda italipia safari ya kwenda na kurudi mpaka nodi ya mbali, zaidi ya milisekunde 100.

Nodi zote tatu zikizimika pamoja, usikimbilie kuwasha ya kwanza unayoiona. Soma grastate.dat, faili ya hali ya Galera, kwenye kila moja. Yenye safe_to_bootstrap: 1 ndiyo ya kuanza; kama hakuna, tumia --wsrep-recover uone ipi ina namba kubwa ya muamala. Ukianza na iliyobaki nyuma, nyingine zinaweza kujinakili kutoka kwake na oda za mwisho zikafutika.

Na bekapu? Inabaki palepale. Mtu akiendesha DELETE bila WHERE, Galera itaifikisha kwenye nodi zote tatu kwa uaminifu mkubwa. Mariabackup (programu ya bekapu ya MariaDB) ya kila usiku pamoja na binlog ndivyo vinavyorudisha duka kwenye dakika moja kabla ya kosa, na vikae nje ya klasta.

Kwa hiyo mwenye seva kuu na replika moja aseme "tuna replika", na akiulizwa aongeze nani anaipandisha cheo na kwa muda gani. Mwenye bekapu ya usiku aseme "tuna bekapu ya usiku", na tarehe ya mwisho aliyojaribu kuirejesha. Mwenye nodi mbili za Galera aongeze ya tatu kwanza. Duka dogo la oda ishirini kwa siku linaweza kuishi vizuri na replika na bekapu, likisimama nusu saa mara moja kwa mwaka, na hakuna haja ya kuona haya kusema hivyo kwa jina lake.