Kupuliza mabomba ya bustani kabla ya baridi

Kupuliza mabomba ni kuyatoa maji yaliyobaki ndani ya mabomba ya umwagiliaji kwa upepo wa kompresa, kabla ardhi haijaganda. Kule Minnesota na Colorado (Marekani) na Ontario (Kanada) hii ni kazi ya kila mwaka, mara nyingi Oktoba. Mswahili aliyenunua nyumba huko huikuta haina hata jina kwa lugha yake, kwa kuwa Tanga au Kisumu hakuna bomba linalohitaji kupulizwa.

Maji yakiganda ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Mabomba ya bustani huzikwa kina kifupi, mara nyingi sentimita 20 hadi 30, na Minnesota baridi huweza kushuka ardhini zaidi ya mita moja. Bomba lililojaa maji hupasuka, tena kimyakimya: ufa hutokea Januari, nawe unauona Mei unapofungua maji na kukuta dimbwi kwenye nyasi. Lakini shika neno hilo, "lililojaa". Bomba lenye maji kidogo tu yaliyolala chini linaipa barafu nafasi ya kutanuka. Kwa hiyo hatutafuti bomba kavu kabisa.

Sasa kompresa ya nyumbani, ile ndogo ya kujazia matairi, inatosha? Wengi hutazama PSI, wakiona 150 wanaridhika. Hapo ndipo wanapokosea. PSI ni nguvu ya msukumo, na kwa kazi hii inayohitajika ni ndogo: kikomo cha kawaida ni 80 kwa mabomba magumu ya PVC, na 50 kwa yale meusi laini ya polithini. Ukizidisha unavunja springla, yaani vichwa vya kunyunyizia maji, na viungio. Kinachosukuma maji hadi mwisho wa bomba ni wingi wa upepo kwa dakika. Kompresa ndogo hutoa kama lita 70 hadi 140 kwa dakika. Zile kubwa za mafundi, zinazokokotwa na gari, hufika lita 5,000. Upepo ukiwa haba hupita juu ya maji kama unavyopita juu ya mtaro, ukayaacha pale pale.

Dawa yake ni tangi na subira. Acha tangi la kompresa lijae upepo, weka rekebisho la msukumo kwenye 50, kisha fungulia upepo wote kwa mkupuo mmoja kwenye kanda moja tu, yaani kundi la springla linalofunguliwa na vali moja. Ukipungua, funga, subiri lijae, rudia. Tangi la lita 23 litakuchosha kwenye bustani kubwa, na kwa kanda yenye springla nane au kumi mimi ningemwita fundi bila kusita. Kwa bustani ndogo, mikupuo mitatu minne kwa kila kanda huleta matokeo mazuri.

Kwanza funga maji yanayotoka nyumbani. Upepo uingie baada ya kile kifaa kinachozuia maji ya bustani yasirudi kwenye maji ya kunywa, usipite ndani yake, maana sehemu zake za ndani huharibika. Anza na kanda iliyo mbali zaidi au iliyo juu zaidi, na vali yake iwe wazi kabla upepo haujaingia. Springla zikianza kutema ukungu badala ya maji, acha. Usizidishe dakika mbili, kwa sababu gia za plastiki zinazozunguka bila maji hupata joto na kuharibika. Vaa miwani ya kazi, na usiiname juu ya springla wala vali wakati upepo uko ndani. Hilo tafadhali lisipuuzwe: kipande cha plastiki kikifyatuka hakikupi nafasi ya kukwepa.

Mwisho, zile koki za tufe (zenye tufe lenye tundu ndani yake) kwenye kile kifaa cha kuzuia maji kurudi, kilicho juu ya ardhi, ziache nusu wazi, mpini ukiwa umekaa mshazari. Koki iliyofungwa au kufunguliwa yote hubakiza maji ndani ya tufe lake, na hayo machache yanatosha kupasua shaba.