Je, wajua kwa nini doa la vumbi la kamera huonekana kwenye picha ya anga na kupotea kwenye picha ya sura ya mtu?

Mtu anayetafuta kamera yake ya kwanza ya DSLR (ya dijitali, yenye kioo cha kuakisi ndani na lenzi ya kubadilisha), hasa iliyokwisha kutumika, hupiga picha mbili tatu za majaribio, akaziona safi, akalipa. Baadaye anapiga picha ya machweo na kukuta vidoa vya kijivu angani, palepale katika kila picha. Huenda vilikuwepo tangu siku ya kununua. Kilichobadilika ni ukubwa wa tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga.

Vumbi halikai juu ya sensa yenyewe, yaani kibao kinachonasa picha, bali juu ya kioo chembamba cha kichujio kilicho mbele yake. Kinachoonekana kwenye picha ni kivuli cha punje hiyo. Tundu likiwa pana, tuseme f/2.8, mwanga huifikia kila sehemu ya sensa kutoka pembe nyingi, ukaizunguka punje, na kivuli kikafifia kabisa. Tundu likibanwa hadi f/16 au f/22, mwanga huja karibu kutoka upande mmoja tu na kivuli kinakolea. Ni kama kivuli cha mkono wako ukutani: jua likiwaka kinachorwa vizuri, mawingu yakitanda hukioni. Sura za watu mara nyingi hupigwa kwa tundu pana, mandhari kwa tundu dogo, na anga tupu halina kitu cha kulificha doa.

Kamera za filamu hazikusumbuka hivi, maana kila picha ilipata kipande kipya cha filamu na punje iliyonasa ikaondoka nacho. Sensa haiondoki. Olympus E-1 ya mwaka 2003 ilikuja na kichujio kinachotetemeka kwa kasi ili kukung'uta vumbi, na Canon wakaweka mtambo wa namna hiyo kwenye EOS 400D mwaka 2006. Unapochagua kamera, ulizia kama inao. Mimi ningeujali kuliko megapikseli chache za ziada.

Kabla ya kulipa, fanya hivi: weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya chini kabisa, tundu f/22, zima fokasi ya kujiendesha, ivuruge fokasi kwa makusudi, kisha upige ukuta mweupe huku ukiisogeza kamera kidogo. Ikuze picha na uikague pembe kwa pembe. Ukiona vidoa, usiikimbie kamera, vumbi husafishwa. Mikwaruzo kwenye kichujio ndiyo ya kukimbia. Na uchafu unaouona unapochungulia kwenye kitundu cha kutazamia usikutishe, kwa sababu huo uko kwenye kioo cha kuakisi au skrini yake ya fokasi na hauingii kwenye picha.

Kusafisha huanza na kile kisicho na hatari. Washa kwanza usafishaji wa kwenye menyu. Doa likibaki, chaji betri ijae, chagua kwenye menyu amri ya kuinua kioo cha kuakisi kwa ajili ya usafi, elekeza mdomo wa kamera chini, na upulize kwa pampu ndogo ya mpira bila kuingiza ncha yake ndani. Betri ikiisha katikati ya kazi, shata (pazia la mbele ya sensa) itajifunga na kioo kushuka ukiwa bado unapuliza. Usipulize kwa mdomo, mate yataruka. Makopo ya hewa iliyoshindiliwa nayo yaache, hutema majimaji yanayoganda kwenye kichujio.

Ukitaka kujua punje iko wapi, kumbuka kwamba lenzi hupindua taswira. Doa lililo juu kushoto kwenye picha, ukitazama ndani ya kamera kwa mbele, punje yake iko chini kushoto.

Punje iliyogoma baada ya hapo ni ya kijiti maalumu chenye upana wa sensa na dawa yake, na kama mkono hautulii, mpe fundi. Vidoa viwili vitatu vilivyobaki hufutwa kwenye programu ya kuhariri picha kwa sekunde chache.