Jicho linaotesha mishipa, mguu unagoma

Kuna swali wagonjwa wangu wananiuliza sana: daktari, mmesema jicho langu limeota mishipa mingi ovyoovyo, sasa mbona mguu umekosa damu mpaka mnataka kuukata? Mwili si huohuo na sukari si ileile? Swali zito hilo, jamani.

Iko hivi. Ateri ya paja au ya chini ya goti ikiziba, mwili una njia mbili za kujiokoa. Kwanza kuna vimishipa vya pembeni tulivyozaliwa navyo, damu ikikosa njia kubwa inajisukuma huko, kuta zinausikia ule msukumo na vinatanuka, ni kama barabara kuu imefungwa magari yakahamia vichochoroni, ila hapa kichochoro kinajipanua chenyewe. Pili ni kuchipua vimishipa vipya kabisa: nyama ikikosa oksijeni, protini ya HIF-1 inapanda na kuziamuru seli zitoe VEGF, na hiyo VEGF ndo inaviotesha.

Kwenye kisukari zote mbili zinakwama. Sukari ikikaa juu miaka, HIF-1 haikai imara hata oksijeni ikipungua, naitriki oksaidi ya kulegeza mishipa inakuwa haba, na zile seli za ukarabati kutoka kwenye uboho, ambazo mtafiti Asahara na wenzake walizieleza mwaka 1997, zinabaki chache tena goigoi. Kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni kinyume, VEGF inamwagika mno, vimishipa vinaota dhaifu vinavuja, ndo maana jichoni tunadunga dawa ya kuizuia.

Basi si tuiongeze tu mguuni? Walijaribu. Daktari Jeffrey Isner kule Boston, Marekani, alianza kuwapa wagonjwa jeni ya VEGF mwaka 1994 na matumaini yakawa makubwa, lakini jaribio la TAMARIS la mwaka 2011, wagonjwa 525, safari hii jeni ya FGF, protini nyingine ya kuotesha mishipa, halikupunguza kukatwa miguu. Mimi naona ishara tunaipeleka lakini seli za kuipokea zimechoka.

Kinachoniuma ni wanaochelewa. Kisukari kinaua neva, kwa hiyo mguu unakosa damu na mtu hasikii maumivu, halafu akipimwa presha ya kifundo cha mguu inasoma nzuri tu kumbe ateri zimekakamaa hazibinyiki. Ukiwa na kisukari na kidonda cha mguu hakiponi, omba upimwe presha ya kidole gumba cha mguu, usiridhike na ya kifundo peke yake.