Kwa nini Patriots hawajui kuchagua marisiva

Kila ikifika Aprili, wiki ya drafti ya NFL, ile ligi ya futiboli ya Marekani, watu wananitafuta na swali lile lile: coach, hivi New England Patriots wana shida gani na marisiva, timu imebeba Super Bowl, yaani fainali ya ligi, mara 6 ndani ya miaka isiyofika 20 lakini kwenye kuchagua watu wa kudaka mipira ni kichekesho. Mimi nafundisha marisiva wa timu ya sekondari huku Massachusetts, mchana kutwa nashughulika na miguu na viuno vya vijana, usiku nakaa na video za vyuo, kwa hiyo nimeona bora niandike yote mahali pamoja, mwakani mkiniuliza nawatumia link tu.

Kwa wale wageni, drafti ni pale timu 32 zinapogawana vijana waliotoka vyuo, raundi 7, timu iliyofanya vibaya inachagua mapema na bingwa anachagua wa mwisho. Basi. Tuingie kwenye mada.

Tuanze na 2019 maana mle kuna kila kitu. Patriots wametoka kuwafunga Rams 13-3 kwenye Super Bowl, bingwa, kwa hiyo wanachagua wa 32. Bill Belichick amekuwa kocha pale tangu 2000 na hajawahi hata siku moja kutumia raundi ya kwanza kwa risiva, siku hiyo ndo anavunja mwiko, anamchukua N'Keal Harry wa Arizona State. Baada ya hapo orodha ikaendelea hivi: Deebo Samuel akaenda 49ers namba 36, A.J. Brown akaenda Titans namba 51, DK Metcalf akaenda Seattle namba 64, Terry McLaurin akaenda Washington namba 76. Wote walikuwepo mezani. Harry akacheza mechi 33 za Patriots, akadaka mipira 57, tachidauni (yaani mabao) 4, na Julai 2022 wakamtoa kwa Chicago Bears wakapewa chaguo la raundi ya 7 la 2024, yaani karibu na bure.

Lakini linaloniuma mimi kwenye mwaka ule ni Jakobi Meyers. Kijana wa NC State, drafti imeisha raundi zote 7 hakuna aliyemwita, Patriots wakamchukua kama mchezaji huru. Huyo ndo aliyekuja kuwa risiva wao namba moja, 2021 alidaka mipira 83. Na Meyers alipoingia chuo alikuwa kwotabeki, yaani yule anayerusha mipira, sio risiva. Hilo litunzeni, tutalirudia.

Sasa utetezi wa kwanza mtakaousikia huku ni kwamba timu inashinda sana, inachagua mwishoni, mabaki tu ndo yanawafikia. Nimeusikia mpaka kwa makocha wenzangu na siukubali hata kidogo. Pittsburgh Steelers nao wanashinda, nao wanachagua nyuma nyuma miaka mingi. 2009 Patriots wakiwa namba 83 wakamchukua Brandon Tate, ambaye goti lake lilikuwa limeshakatika chuoni, na namba 84, yaani anayefuata kabisa, Steelers wakamchukua Mike Wallace. 2010 Patriots namba 90 wakamchukua Taylor Price, mwaka uliofuata haujaisha wakamwacha. Steelers mwaka huo huo wakampata Antonio Brown namba 195. 2022 Patriots wakapanda ngazi kabisa kwa kubadilishana na Chiefs ili wafike namba 50 wamchukue Tyquan Thornton, na Steelers wakiwa zao 52 wametulia wakamwokota George Pickens. (Steelers nao wamekosea, msinikumbushe Limas Sweed 2008. Lakini wanakosea mara moja, wanapata mara tatu.)

Na 2006 ndo ilikuwa balaa. Patriots wanampenda Chad Jackson wa Florida, wanawapa Green Bay chaguo la 52 na la 75 ili wapande hadi 36. Jackson msimu wake wa kwanza mipira 13, goti likaisha, habari yake ikaishia hapo. Green Bay wakalitumia lile la 52 kumchukua Greg Jennings, ambaye baadaye alifunga tachidauni mbili kwenye Super Bowl waliyoshinda. Yaani waliwalipa wenzao ili wenzao wachague vizuri zaidi.

Kwa hiyo suala sio nafasi. Suala ni kwamba ofensi yao, yaani mfumo wao wa kushambulia, ilikuwa inahitaji kitu kimoja na wao kwenye raundi za juu walikuwa wananunua kitu kingine.

Ngoja nieleze kwa mfano mmoja. Dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, zimebaki yadi 6. Risiva amesimama sloti, ndani kidogo, sio pembeni kabisa. Kwenye timu nyingi ataambiwa kimbia yadi 6 kata ndani, mwisho wa habari. Kwenye ofensi ya Patriots enzi za kwotabeki wao Tom Brady aliambiwa kimbia yadi 6 halafu AMUA. Lainibeki anayekukaba akikaa upande wako wa ndani, kata nje. Akikaa nje, kata ndani. Wakiwa wanalinda eneo badala ya kukaba mtu kwa mtu, tafuta uwazi, simama, mgeukie kwotabeki. Na kabla ya hayo yote uwe umeshaangalia masefti wawili wa nyuma, maana mmoja akishuka wakati mpira unaachiwa, yote niliyosema yanabadilika. Muda ulionao ni kama sekunde mbili, na Brady hasubiri uone ndo arushe, anarusha wakati bado umempa mgongo, anarusha pale ambapo YEYE ameona unatakiwa kuwa. Mkiona vitu viwili tofauti mpira unadakwa na adui na lawama ni yako. Ni kama winga na kiungo waliocheza pamoja miaka, pasi inapigwa kwenye nafasi kabla winga hajaanza kukimbia.

Mnadhani natia chumvi? Chad Ochocinco, mtu aliyekwenda Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 6 akiwa Cincinnati, alikuja Patriots 2011, msimu mzima akadaka mipira 15. Hakuwa amesahau kukimbia. Alizoea kucheza kwa hisia, akasimamishwa kwenye darasa ambalo kila ruti, yaani njia ya kukimbia, ina maswali matatu. Kama mkongwe kama yule kashindwa, mtoto wa miaka 22 anayetoka chuo ambacho walikuwa na ruti nne tu na wanasoma mchezo kwenye mabango ya picha pembeni ya uwanja, yeye atafanyaje?

Angalieni sasa waliofanikiwa. Wes Welker, hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti, Patriots walimchukua kutoka Miami 2007, misimu 6 mipira 672. Julian Edelman, kwotabeki wa Kent State, namba 232 mwaka 2009, kwenye ile Super Bowl ya Rams ndo alikuwa mchezaji bora wa mechi. Meyers, kwotabeki mwingine. Danny Amendola, hakuchaguliwa. Deion Branch, huyu alichaguliwa juu kidogo, namba 65 mwaka 2002, mfupi, mwepesi wa miguu, na yeye aliwahi kuwa mchezaji bora wa Super Bowl kwa mipira 11. Hapo unaona watu wanaosoma mchezo na wanaogeuka haraka kwenye nafasi ndogo. Randy Moss simweki humu, yule alinunuliwa kwa chaguo la raundi ya 4, akafunga tachidauni 23 msimu wa 2007, ila mtu mwenye kipaji kile anacheza ofensi yoyote ile hata ukimwamsha usiku.

Halafu angalieni waliotumiwa machaguo ya juu. Jackson, mwili na mbio. Bethel Johnson 2003, mbio. Aaron Dobson 2013, namba 59, mrefu, alikuwa na ile ya mkono mmoja kwa nyuma aliyodaka akiwa Marshall ambayo kila mtu aliiona, msimu wa kwanza akajitahidi mipira 37 halafu mguu ukaanza kusumbua. Thornton alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.28, kilo kama 82 hivi kwa mtu mrefu kama yule, beki akimwekea mikono kifuani ruti imeisha kabla haijaanza. Kila mara ni kitu ambacho kinapimika kwa saa na rula.

Harry ndo naweza kumwongelea sana maana video zake nilizimaliza. Chuoni alikuwa anadaka mipira na beki yuko mgongoni, anaruka, anaunyakua juu kwa juu, uwanja unapiga kelele. Maskauti, yaani watafuta vipaji, wengi wanaipenda hiyo. Mimi ikinitokea mara nyingi kwa kijana mmoja naanza kuogopa, kwa sababu swali langu ni moja, mbona beki yupo pale kila siku? Ukipunguza spidi ya video unaona jibu kwenye miguu: akifika mwisho wa ruti anahitaji hatua tatu nne kusimama ndo ageuke, mabega yananyanyuka mapema, beki anajua kabla ya mpira. Kwenye Pac-12, ligi ya chuo chake, uzito ulimsaidia. NFL beki ana nguvu kama zake na amesoma yale mabega. Weka na jeraha la kifundo lililomweka nje mpaka Novemba, weka na Brady wa miaka 42 ambaye hana muda wa kulea mtu, mnaona wenyewe.

Ila kuna jambo ambalo watu wanalisahau na ndo linanifanya nisiwalaumu maskauti peke yao. Edelman. Tunamsifia kama hazina ya raundi ya 7, sawa, lakini mipira yake kwa msimu ilikuwa hivi: 2009 mipira 37, 2010 mipira 7, 2011 mipira 4 (minne! na mwaka huo wakamchezesha hadi beki), 2012 mipira 21. Ndo 2013, Welker ameshaondoka Denver, akadaka 105. Miaka minne ya kusoma. Sasa niambieni angekuwa amechaguliwa raundi ya 2 na akaleta namba hizo, mashabiki wa Boston wangemvumilia? Mkataba wa kijana wa drafti ni miaka minne. Shule yao inachukua miaka minne. Kwa hiyo yule wa raundi ya 2 anafukuzwa au anauzwa siku anakaribia kuhitimu, na yule wa raundi ya 7 anabaki kwa sababu ni bei rahisi, anarudisha mipira ya kiki, anakaba, hamna anayemuangalia kwa jicho baya. Nadhani nusu ya tatizo iko hapo kuliko kwenye macho ya maskauti.

Watu wakasema basi, Belichick akiondoka itakwisha. Kaondoka Januari 2024. Drafti ya kwanza bila yeye, wamempata Drake Maye namba 3, kwotabeki mzuri, anahitaji mtu wa kumrushia. Wako namba 34. Chargers wanapiga simu, wanataka kupanda kutoka 37. Patriots wanakubali, wanashuka nafasi tatu, kwenye mabadilishano hayo wanapata pia namba 110. Chargers na ile 34 wakamchukua Ladd McConkey. Patriots na 37 wakamchukua Ja'Lynn Polk, na 110 wakamchukua Javon Baker, risiva mwingine. Msimu ulipoisha McConkey ana mipira 82 na yadi 1,149. Polk ana mipira 12 na yadi 87. Na 2025 Baker akaachwa, Polk akapelekwa Saints.

Na wakati huo huo waliokuwa wanadaka mipira ya Maye ni nani? Demario Douglas na Kayshon Boutte, wote raundi ya 6 ya 2023. Yaani kocha kabadilika, meneja kabadilika, kwotabeki kabadilika, na bado wa raundi ya 6 wanamzidi wa raundi ya 2.

McConkey mimi nilimpenda kwa sababu ile ile iliyonitisha kwa Harry. Anakimbia kama anaenda mbali, kiuno kinashuka, hatua mbili tu ameshageuka, beki bado anarudi nyuma. Hakuwa mkubwa wala hakuwa na zile dakika za YouTube. Nilivyosikia 34 imeuzwa nilizima TV nikaenda kulala.

2025 wamemchukua Kyle Williams wa Washington State, namba 69. Safari hii walau ni mtu anayejua kumwacha beki kwenye hatua za mwanzo, video zake nilizipenda, mikono yake kidogo inanipa wasiwasi. Ushauri wangu mpeni mpaka 2028 ndo muanze kupiga kelele, japo najua hamtampa.