Je, wajua kwa nini bia ya ngano ya Kibelgiji hunukia karafuu ilhali haikutiwa karafuu?

Mara ya kwanza nilipoonja bia ya ngano ya mtindo wa Kibelgiji nilikuwa Kampala, nyumbani kwa rafiki aliyerejea safari na chupa chache. Ilikuwa ya rangi ya majani makavu, yenye ukungu kama maji yaliyooshea mchele, na povu lake jeupe lilikaa muda mrefu bila kuzama. Baada ya funda la pili niliwaeleza wenzangu, kwa uhakika kamili, kwamba mtengenezaji alikuwa ametia karafuu. Mama mwenye nyumba, mzaliwa wa Mombasa ambaye pua yake imelelewa katika pilau na chai ya viungo, aliinusa bilauri yake na kukubaliana nami. Sote wawili tulikuwa tumekosea.

Kosa letu lilikuwa na sababu, kwa kuwa bia hii kweli hutiwa viungo. Mtindo huu ulikuwa umetoweka katika mji wa Hoegaarden, mashariki ya Brussels, hadi Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, alipoufufua katika miaka ya 1960. Nafaka yake kwa kawaida ni kimea cha shayiri pamoja na ngano mbichi isiyooteshwa, ambayo huweza kukaribia nusu ya nafaka yote, na maji ya nafaka yakikaribia kumaliza kuchemka hutiwa mbegu za dania na maganda makavu ya machungwa. Mtu akishaonja chungwa na dania, ambavyo vimo, ni rahisi mno kuamini kwamba na karafuu nayo imo.

Ushahidi ulionibadilisha mawazo unatoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Huko sheria ya mwaka 1516 iliagiza kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu. Ngano iliruhusiwa baadaye kama upendeleo wa watawala, lakini mlango wa viungo haukufunguliwa. Hata hivyo, bia ya ngano ya Bavaria, isiyo na kiungo hata punje moja, hunukia karafuu kwa nguvu kuliko ile ya Kibelgiji. Ikiwa harufu ni kali zaidi mahali ambapo viungo vimekatazwa, basi haitoki kwenye viungo. Wala haitoki kwenye ngano peke yake, kwa sababu maji yaleyale ya kimea yakigawanywa katika mapipa mawili, moja likatiwa chachu ya bia ya ngano na jingine chachu ya bia ya lager, ni pipa la kwanza tu litakalotoa karafuu. Harufu hiyo hutengenezwa na chachu.

Hutengenezwa vipi? Tuanze na punje ya nafaka. Kuta za chembe hai (seli) zake zimesukwa kwa nyuzi ndefu za sukari, mithili ya kikapu cha ukindu, na mahali nyuzi zinapokutana pana vifundo vinavyozishikanisha. Baadhi ya vifundo hivyo ni asidi ya feruliki, iliyomo katika ngano na katika shayiri pia. Kimea kinapolowekwa katika maji ya vuguvugu, vimeng'enya vilivyomo, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, huanza kufungua vifundo kimoja kimoja, na hufanya kazi hiyo vizuri zaidi karibu na nyuzi joto 45 za Selsiasi. Kwa hiyo mtengenezaji anayetaka karafuu nyingi huliacha rojo la nafaka katika joto hilo kwa muda kabla ya kulipandisha hadi karibu nyuzi 65, ambako wanga hugeuka kuwa sukari na vimeng'enya vya vifundo huharibika.

Lakini asidi iliyofunguliwa bado hainukii chochote cha maana. Ifikirie kuwa mtumbwi uliotia nanga katika Ziwa Viktoria. Nanga yake ni kipande cha asidi kilichoko mwishoni mwa molekuli, kinachopenda maji kiasi cha kuizuia isipande hewani, na kitu kisichopanda hewani hakiwezi kufika puani. Chachu huja na kimeng'enya chake, hukata nanga hiyo, na kipande kilichokatwa hutoka kama gesi ya kaboni dioksidi. Mtumbwi uliobaki, ambao wanakemia huuita vinili guayakoli, sasa ni mwepesi, hupanda pamoja na mapovu na kumfikia mnywaji. Takribani miligramu 0.3 katika lita moja ya bia zinatosha pua kuutambua.

Kuhusu sababu ya harufu yake kufanana na karafuu ya Pemba, jibu limo katika umbo. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli. Eujenoli na vinili guayakoli ni kama mitumbwi miwili iliyochongwa kwa kipimo kimoja, ikitofautiana kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma, tu: ya eujenoli ina kaboni tatu, ya mwenzake ina mbili. Ninaona ni jambo la kustaajabisha kwamba mkarafuu wa kisiwani na kiumbe cha chembe moja ndani ya pipa la Ubelgiji, visivyo na ukaribu wowote wa ukoo, vimefika karibu mahali pamoja.

Chachu yenyewe haikusudii kutufurahisha. Asidi ya feruliki huidhuru, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba inakata nanga ili kujikinga na sumu. Chachu nyingi za mwituni zina uwezo huo. Zile zilizofugwa viwandani kwa karne nyingi mara nyingi zimeupoteza, kwa kuwa watengenezaji wengi huihesabu harufu hii kuwa dosari na walizidi kuchagua chachu zisizokuwa nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ulioongozwa na wanasayansi wa Leuven, si mbali na Hoegaarden, ulisoma jeni za aina 157 za chachu na kukuta kwamba katika chachu nyingi za bia jeni zinazohusika zimevunjika, ila chachu za bia ya ngano zimebaki nazo. Ndiyo maana lager zinazopikwa Jinja na Luzira hazinukii karafuu, hata pale ambapo shayiri yake imelimwa Kapchorwa na ina asidi ileile. Tonto, pombe ya ndizi ya Uganda inayochachuka bila chachu ya kiwandani, ni jambo tofauti, na mtu mwenye pua makini ana sababu ya kuinusa upya.

Hopsi chache nazo zina sehemu yake. Uchungu wa bia hii huwa kati ya vizio 10 na 20 katika kipimo cha kimataifa, ilhali bia zenye hopsi nyingi hupita 50. Uchungu ukiwa mdogo hivyo, harufu nyepesi hazifunikwi. Hata hivyo si kila chupa itakuwa na karafuu ya wazi. Mtindo wa Kibelgiji huiweka kwa kiasi, dania inaweza kuitangulia, na harufu yenyewe hufifia bia ikikaa sana au ikipata joto, jambo la kuzingatiwa kwa chupa iliyovuka bahari hadi Mombasa kisha ikasafirishwa kwa lori kupitia Malaba.

Tulipoonja tena nyumbani kwa yule mama, tuliiacha bilauri mezani dakika kumi, kwa sababu baridi kali huzuia harufu kupanda, na tukaweka karafuu nzima kwenye kisahani kando yake. Chungwa na dania vilitangulia puani. Karafuu ya bia ilikuja baada ya kumeza, ikiwa imefifia zaidi na yenye moshi kidogo. Ile ya kisahani, tulipoitafuna, ilikuwa tamu na kali, ikautia ulimi ganzi, kama eujenoli ifanyavyo. Bia haikuacha ganzi yoyote.